Kampeni ya mashinani: Jinsi kiti cha wadi kinavyosakwa, kinavyopatikana na kinavyolindwa

KATI ya karatasi sita ambazo mpiga kura wa Kenya hukabidhiwa siku ya uchaguzi mkuu, ile ya mwakilishi wadi ndiyo hutajwa kwa uchache zaidi katika mikutano mikubwa ya kisiasa. Helikopta haziruki kwa ajili yake, na ni nadra runinga kupeperusha mdahalo wa wanaoiwania. Hata hivyo, hicho ndicho kiti kinachovutia wawaniaji wengi kupita vingine vyote nchini. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, zaidi ya wawaniaji 12,000 waliidhinishwa kupigania viti 1,450 vya wadi, yaani wastani wa zaidi ya watu wanane kwa kila kiti.

Maana yake ni kwamba kwa kila aliyeapishwa, wengine wasiopungua saba walirejea nyumbani mikono mitupu. Kuna wanaouza kipande cha shamba, ng'ombe au gari kugharimia safari hiyo, kisha wakabaki na madeni na mabango yaliyochakaa ukutani. Lakini kushindwa huko hakutokani na uhaba wa fedha peke yake. Mara nyingi mwaniaji huanguka kwa sababu hakuijua hesabu ya wadi yake, hakuijua sheria, au aliahidi kazi ambayo si ya kiti alichokitafuta.

Kiti chenyewe

Kabla ya 2013, wakazi walichagua madiwani waliohudumu katika mabaraza ya miji, manispaa na wilaya. Mabaraza hayo yaliondolewa na Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, iliyounda kaunti 47, kila moja na bunge lake. Wawakilishi wadi wa kwanza walichaguliwa Machi 4, 2013. Wananchi wengi wangali wanawaita madiwani, na magazeti pia.

Kazi zao kuu ni tatu: kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na mipango ya maendeleo, na kuchunguza jinsi gavana na mawaziri wake wanavyotumia fedha za umma. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura, ashauriane nao na awasilishe maoni yao katika bunge la kaunti. Kifungu hicho hicho kinamkataza kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya kando, na utekelezaji wa shughuli za serikali ya kaunti au utoaji wa huduma zake.

Kwa lugha nyepesi, diwani hachimbi kisima wala hatengenezi barabara. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kisima kimetengewa fedha katika bajeti, na kuuliza zilikokwenda iwapo hakikuchimbwa. Mwaniaji asiyeelewa tofauti hiyo huanza kampeni kwa ahadi ambazo sheria yenyewe itamzuia kuzitimiza.

Masharti ya kuingia ulingoni

Kifungu cha 193 cha Katiba kinaweka masharti ya msingi. Mwaniaji sharti awe amesajiliwa kuwa mpiga kura, atimize viwango vya elimu na maadili vilivyowekwa kisheria, na awe ameteuliwa na chama cha kisiasa au awe mgombea huru. Katiba haisemi kwamba lazima awe amesajiliwa katika wadi anayoiwania, ingawa mwaniaji asiyeweza hata kujipigia kura huwapa wapinzani wake la kusema kila jukwaani.

Hawaruhusiwi kuwania watu waliotangazwa kufilisika na ambao hawajaondolewa hali hiyo, wasio na akili timamu, wanaotumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, wala wale ambao hawajakuwa raia kwa miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi. Aliyepatikana kisheria na hatia ya kutumia vibaya ofisi ya umma huzuiwa pia.

Mtumishi wa umma anayetaka kiti, awe mwalimu, muuguzi au chifu, hutakiwa na Sheria ya Uchaguzi kujiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura. Kwa uchaguzi wa 2022, makataa hayo yalikuwa Februari 9. Sharti la shahada ya chuo kikuu, ambalo lilizua mjadala kwa miaka mingi, lilibatilishwa na Mahakama Kuu mnamo 2021 kuhusu wawakilishi wadi.

Ada ya uteuzi iliyotozwa na Tume ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) katika uchaguzi wa 2022 ilikuwa Sh5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kiasi hicho ni kidogo. Gharama kubwa huja baadaye.

Chama au mgombea huru?

Katika maeneo ambayo chama kimoja kina mizizi, kura za mchujo ndizo uchaguzi wenyewe, na siku ya Agosti hubaki kuwa ya kuthibitisha tu. Wapo wapiga kura wanaochagua chama kimoja kuanzia kwa rais hadi kwa diwani bila kutazama majina. Mwenye tiketi ya chama hicho huanza mbio akiwa mbele ya wenzake.

Lakini tiketi ina bei yake. Sheria ya Vyama vya Kisiasa, ilivyorekebishwa Januari 2022, inaruhusu chama kuteua mgombea kupitia kura ya wanachama wote au kupitia wajumbe. Mwaniaji anayetegemea chama hana budi kujua mapema ni njia ipi itakayotumika, kwa kuwa kuwashawishi wajumbe wachache si sawa na kuwashawishi wanachama wa wadi nzima. Anayehisi kudhulumiwa huanzia katika vyombo vya chama chenyewe kabla ya kufika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa.

Mgombea huru naye anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi, na kifungu cha 85 cha Katiba kinamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hapa ndipo wengine huteleza. Mtu huweza kujikuta kwenye orodha ya chama asichokumbuka kujiunga nacho, na ni vyema kila mwaniaji aithibitishe hali yake katika Afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa mapema, si wiki ya mwisho.

Njia ya mgombea huru ni ngumu lakini si ya kufa moyo. Mwaka wa 2017, John Paul Mwirigi, aliyekuwa na umri wa miaka 23 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini katika Kaunti ya Meru bila chama. Alikuwa akizunguka kwa miguu kuomba kura, na wahudumu wa bodaboda walikuwa miongoni mwa waliompigia debe. Alizoa kura 18,867 na kumbwaga mgombea wa chama cha Jubilee, kilichokuwa na nguvu nyingi eneo hilo. Eneobunge ni kubwa kuliko wadi. Ikiwa eneobunge zima liliweza kuzungukwa namna hiyo, wadi inawezekana.

Hesabu kabla ya hotuba

Kosa la kawaida la mwaniaji mpya ni kupima nguvu zake kwa ukubwa wa umati. Umati huja kusikiliza muziki, kutafuta nauli au kumtazama mgeni mashuhuri, na wengi wake huweza kuwa watoto wasio na kura. Kipimo cha kweli ni sajili ya wapiga kura.

Katika uchaguzi wa 2022, waliosajiliwa walikuwa 22,120,458. Ukigawanya kwa wadi 1,450, kila wadi inapata wastani wa wapiga kura zaidi ya 15,000. Wastani huo unaficha tofauti kubwa. Kaunti ya Nairobi ilikuwa na wapiga kura wapatao milioni 2.4 katika wadi 85, yaani takriban 28,000 kwa kila wadi. Lamu ilikuwa na wapatao 81,000 katika wadi 10, yaani takriban 8,000. Nayo wadi ya Turkana au Marsabit huweza kuwa na wapiga kura wachache lakini safari ya siku nzima kati ya kijiji na kijiji.

Si wote waliosajiliwa hujitokeza. Mwaka wa 2022, takriban asilimia 65 walipiga kura ya urais. Katika wadi ya watu 15,000, idadi hiyo ni kama 9,750. Kura hizo zikigawanywa baina ya wawaniaji wanane au tisa, mshindi huweza kupatikana kwa kura 3,300 au hata chini ya hapo.

Sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kila kituo cha kupigia kura, hivyo wadi ya watu 15,000 itakuwa na vituo visivyopungua 22. Kura 3,300 zikisambazwa katika vituo 22, kila kituo kinatakiwa kuchangia kura 150. Kamati ya watu watano katika kituo inaweza kugawana hao 150, kila mmoja akabeba majina 30. Hilo si jambo la helikopta. Ni jambo la daftari, viatu imara na subira.

Bila shaka kura hazisambai kwa usawa. Kuna kituo kitakachotoa 400 kwa sababu ni nyumbani, na kingine kitakachotoa 20. Lakini mwaniaji aliyeandika makadirio ya kila kituo, na kuyarekebisha kila wiki kulingana na taarifa za kamati zake, anajua wapi pa kuongeza bidii. Asiyeandika hubahatisha, na huenda akatumia miezi miwili kuwahubiria watu ambao tayari ni wake.

Mlango hadi mlango

Kamati ya kituo hufaa kuwa na sura ya kituo chenyewe: mwanamke anayeaminiwa katika chama cha akina mama, mhudumu wa bodaboda, kijana, mfanyabiashara wa sokoni na mzee anayesikilizwa. Watu hawa huaminika kwa sababu wataendelea kuishi hapo baada ya uchaguzi. Neno lao lina dhamana ambayo bango halina.

Mwenye busara hupanga ziara kwa saa za wenyeji. Asubuhi ya msimu wa kupanda watu wako mashambani, na mgeni anayewakusanya kwenye kivuli huwachelewesha kazi. Siku ya soko huwakutanisha wa vijiji vingi kwa mara moja. Pwani, wazee hupatikana barazani baada ya swala ya alasiri. Kwa wafugaji, mahali pa maji ndipo pa habari. Mtaani Nairobi, mpiga kura hutoka alfajiri na kurudi usiku, na Jumapili ndiyo siku yake ya pekee.

Katika ziara hizo, mwaniaji anayesikiliza hupata zaidi ya anayehutubu. Akiuliza zahanati ilikosa dawa mara ngapi mwaka huu, atapewa jibu lenye tarehe na majina. Jibu hilo ndilo manifesto yake. Pia atajua ni nani mwenye kinyongo na kwa nini, jambo ambalo hakuna jukwaa litakalomfunulia.

Chifu na naibu wake ni watumishi wa umma na hawaruhusiwi kumpigia debe mtu yeyote. Mwaniaji anayewatafuta wamsaidie huwaweka hatarini, naye hujitia doa.

Suala la ukoo halikwepeki. Katika wadi nyingi za mashambani, wazee huketi na kukubaliana ni upande upi utakaotoa diwani. Makubaliano hayo huweza kupunguza uhasama, lakini pia huwafungia nje watu wengi. Mwanamke aliyeolewa huambiwa katika ukoo wa mumewe kwamba yeye ni mgeni, na katika ukoo wa babake kwamba alishaondoka. Mwaka wa 2017, wanawake 96 walichaguliwa wawakilishi wadi. Mwaka wa 2022 wakawa 115. Idadi imepanda, lakini haijafika hata kiti kimoja kati ya 10. Walioshinda hawakuwa na budi kujenga uungwaji mkono nje ya mipaka ya ukoo, na somo hilo linamfaa kila mwaniaji: ukoo mmoja huishia kwenye mpaka wake, wadi haiishii hapo.

Ahadi ni deni

Kila kaunti huwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Ni hati ya umma, na mwaniaji makini huisoma kabla ya kuandika ahadi yake ya kwanza. Ndani yake ataona iwapo barabara ya kijiji chake imetajwa, na iwapo ilitajwa miaka mitano iliyopita bila kujengwa.

Kalenda ya bajeti nayo imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaniaji anayeweza kumwambia mkulima kwamba kisima cha kijiji kitapiganiwa katika hati ya Septemba na kufuatiliwa katika bajeti ya Aprili, anamwambia jambo ambalo mkulima huyo anaweza kumdai. Anayesema tu kwamba "maji yatakuja" hajaahidi chochote.

Ni muhimu pia kutenganisha kazi za serikali mbili. Zahanati, barabara za kaunti, masoko, kilimo na shule za chekechea ziko chini ya kaunti. Shule za msingi na sekondari pamoja na polisi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Anayeahidi kuajiri walimu wa sekondari kwa tiketi ya udiwani anauza asichomiliki.

Fedha na hongo

Kampeni hata iwe ndogo ina gharama: uchapishaji, mafuta, muda wa maongezi, chakula cha kamati na marupurupu ya mawakala. Sheria ya Kufadhili Kampeni ilipitishwa 2013 ili kuweka kikomo cha matumizi, lakini viwango vyake havikutekelezwa katika chaguzi za 2017 na 2022. Mwenye kifua cha fedha akabaki na uhuru wa kuzimwaga.

Ushauri unaorudiwa na waliopita njia hiyo ni mwepesi kutamka na mgumu kufuata: fedha za mawakala zitengwe kwanza, na zisiguswe. Michango midogo ya wafuasi nayo ina faida mbili. Hupunguza deni, na humfanya aliyechanga aione kampeni kuwa yake.

Hongo ni kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inatoa adhabu ya faini isiyozidi Sh2 milioni, kifungo kisichozidi miaka sita, au yote mawili. Anayepokea ana hatia sawa na anayetoa. Wanaoitetea desturi hiyo hupenda kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini hata ukiweka sheria kando, hesabu yenyewe inakataa. Anayempa kila mpiga kura Sh200 katika wadi ya watu 15,000 atatumia Sh3 milioni. Kura ni ya siri, na usiku wa kuamkia uchaguzi mpinzani huweza kupita akigawa Sh500.

Hasara kubwa zaidi huja baada ya ushindi. Aliyetumia mamilioni kununua kiti atatafuta pa kuyarudisha, na bajeti ambayo kazi yake ni kuilinda iko mbele yake. Mpiga kura aliyepokea Sh200 huwa amelipwa takriban Sh40 kwa mwaka, kwa miaka mitano, ili asiulize dawa za zahanati zilikwenda wapi.

Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati huo huruhusiwa kupiga kura. Kwa kuwa kura za nyadhifa sita huhesabiwa katika kituo kimoja, kazi huweza kukesha hadi alfajiri. Hapo ndipo kampeni nyingi ndogo hupoteza zilichokusanya kwa miezi.

Wakala aliyelala njaa huondoka. Wakala asiyejua sheria hunyamaza. Anayefaa ni mkazi mwenye kitambulisho, aliyekula kiapo cha kutunza siri, anayeweza kusoma na kuhesabu, na asiyeyumba akishawishiwa. Anapaswa kujua kwamba ana haki ya kuomba kura zihesabiwe upya, ingawa si zaidi ya mara mbili, na kwamba matokeo ya mwakilishi wadi katika kituo hujazwa kwenye Fomu 36A. Huitia sahihi, huchukua nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni.

Mwaniaji aliye na nakala za Fomu 36A kutoka vituo vyote 22 anaweza kujumlisha mwenyewe kabla ya kufika kwenye kituo cha kujumlishia cha eneobunge, ambako Fomu 36B hutayarishwa. Asiye nazo hutegemea uvumi.

Anayetaka kupinga matokeo ana siku 28 tangu kutangazwa kwake. Kesi za wadi husikilizwa na hakimu, si Mahakama Kuu, na mlalamishi huweka dhamana ya Sh100,000. Uamuzi hutolewa katika miezi sita, na rufaa katika Mahakama Kuu huhusu masuala ya kisheria pekee. Kesi isiyo na fomu wala mashahidi haina miguu, na aliyeshindwa kesi huweza kuamriwa kulipa gharama za mshindi.

Baada ya matokeo

Katiba inaweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hesabu hiyo ule wa 2027 unaangukia Agosti 10. Kampeni rasmi huchukua wiki chache tu, lakini majina 30 kwa kila mwanakamati hayakusanywi kwa wiki chache. Huanza kukusanywa wakati ambapo hakuna anayezungumzia siasa: kwenye mkutano wa umma wa bajeti ambao watu wachache walihudhuria, kwenye kamati ya zahanati, kwenye matanga ya jirani.

Daftari lile la vituo 22 nalo halitupwi. Kwa aliyeshinda, ni orodha ya watu wa kurudi kwao kabla ya kila Septemba na kila Aprili. Kwa aliyeshindwa, ni orodha ya walioamini, na wanaostahili kuelezwa kilichotokea. Anayerudi kijijini kushukuru akiwa ameshindwa huwa ameanza kampeni yake ijayo bila kutumia hata senti moja.